Simu ya Kwanza ni ya Kukhu

S.L.P. 47,
Malaba,
Kenya.

Jumapili, 22 Novemba 1998

Mpendwa Mjomba Levis,

Mulembe sana, salamu za amani kutoka nyumbani. Je, jino lililokusumbua mwezi jana limepona? Na joto la Gaborone limepungua, au bado mnalala madirisha wazi? Tunakuombea afya kila jioni, na wiki hii tumekuombea zaidi ya kawaida, kwa sababu utakayoisoma hapa mbele.

Sisi hatujambo. Mama yako, Kukhu wetu, anaamka na magoti mazito, lakini ikifika saa tatu yamepata moto na anaweza kutembea mwenyewe hadi kwa Mama Apio kuchukua maziwa. Mama anauza mitumba kule Busia kama kawaida, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa. Mimi nimefunga shule na mwakani, Mungu akipenda, nitaingia kidato cha nne.

Mjomba, jana uliposema kwamba maneno yote ya Babu yamefunguka kwenye kompyuta ya chuo, nilishindwa kukujibu. Ulisema "asante, Brendah" mara mbili, nami nikatingisha kichwa kana kwamba unaniona. Ndiyo maana nakuandikia leo. Asante ni yangu kwako, na pia kuna mambo ambayo hukuyajua kwa sababu simu ilikuwa fupi.

Kwanza niungame. Zile diski nne tulizokutumia mwezi wa Agosti zikakufikia zimevunjika, ni mimi niliyezifunga. Nilizitia kwenye bahasha tupu bila kadibodi. Ulipoandika kwamba nakala yako nayo imeharibika, na kwamba usipowasilisha tasnifu yako tarehe thelathini Novemba utarudia mwaka mzima, nilikosa hamu ya kula. Babu alikusanya maneno ya lugha yetu ya Kimarachi kwa miaka kumi na sita, akitembea sokoni na daftari, na wewe ukayapiga chapa yote. Sasa yalikuwa yamebaki mahali pamoja tu duniani, katika lile ghala lako la mafaili kwenye chumba cha nyuma.

Unajua jinsi lilivyozeeka. Ile kompyuta isiyo na skrini, iliyofungwa kwa waya kwa mwenzake mwenye skrini, sasa inanguruma kama kinu cha posho. Betri yake ya saa imekufa, kwa hiyo kila ninapoiwasha inaamini leo ni tarehe mosi Januari 1980. Kila mara naisahihisha. Wakati mwingine nasita kidogo kabla ya kubonyeza, kwa sababu katika mwaka wake mimi sijazaliwa na Babu bado anatembea sokoni.

Mwalimu Amollo alipoleta ile modemu kutoka kwako, kile kisanduku cha kuzungumzisha kompyuta kwa simu, pamoja na kurasa zako nne za maelezo, Mama aliuliza kama ni redio. Nilisoma kurasa zile mara tatu kabla ya kugusa waya wowote. Uliandika juu kabisa: "Ukikosea, rudi hatua moja nyuma. Hakuna kitakachoharibika." Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hivyo kuhusu kitu chake cha thamani. Karatasi hiyo nimeibandika ukutani.

Fundi wa simu, Bwana Odeke kutoka Chakol, ndiye aliyevuta waya kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Alipoliona ghala akavua kofia. "Dada, hiki chuma ni cha kuamkiwa shikamoo," akasema. "Kinanizidi umri!" Lakini alifanya kazi safi. Alikwangua kutu kwenye kisanduku cha nje, akaunganisha upya, na mlio wa mkwaruzo kwenye simu ukapungua sana. Alikataa kulipwa. Alisema Babu aliwahi kumwandikia barua ya kuombea kazi.

Baada ya hapo nilifuata hatua zako. Niliingiza modemu kwenye tundu la pini tisa nyuma ya ghala. Nilianzisha ile programu ya kupokea wageni wa mbali. Niliandika jina lako na neno la siri ulilochagua, ambalo sitalitaja hapa, ila Kukhu angelijua angecheka, kwa kuwa ni jina la ng'ombe wake. Kisha nikaiagiza modemu iitike simu ikilia mara ya nne, jinsi ulivyotaka. Kila kitu kilikuwa tayari Jumamosi tarehe saba, saa nne kamili kwetu, saa tatu kwenu.

Ulipiga. Nikiwa chumba cha nyuma niliona kitaa chekundu cha modemu kikimeta mara moja, mara mbili, kisha kikazima. Nilisubiri hadi saa sita.

Wiki hiyo nilifungua kila kitu nikarudia upya. Jumamosi tarehe kumi na nne ikawa vilevile. Kitaa kilimeta mara mbili, kisha kimya. Nilijua chuo kinakuruhusu kutumia simu yao kwa kazi hii tu, na Jumamosi tu, na kwamba zimebaki mbili. Simu yetu nayo haipigi nje ya nchi, na Mama ameitia kufuli kwa sababu ya majirani. Nilirudi hatua moja nyuma, kisha nyingine, hadi nikafika mwanzo na sikuona kosa. Nikaanza kufikiri kwamba kosa ni mimi.

Kosa lilijulikana kanisani, Mjomba. Jumapili iliyopita mchungaji alipouliza nani ana ombi, Kukhu alisimama kwa fimbo yake. Alisema, "Nawaomba mniombee mwanangu Levis aliye ughaibuni. Ni mgonjwa sana. Ananipigia simu lakini hawezi kusema. Ananililia tu kwa kwikwi." Mama aliangusha kitabu cha nyimbo. Kanisa zima likakuombea, na akina mama wawili wakalia.

Tulipofika nyumbani Mama alimuuliza kwa upole hizo simu zilikuja lini. "Jumamosi mbili," Kukhu akasema. "Saa nne. Nashika simu, nasema mulembe mwanangu. Yeye anafanya hik! Ananyamaza. Hik! tena. Nikamwambia kunywa maji, Levis. Hik! Sikuwaambia kwa sababu nilijua mnajua, mnanificha."

Hapo nikaelewa. Kukhu hukaa sebuleni, karibu na simu, na hajawahi kuiacha ilie mara tatu. Alikuwa anaiwahi kabla modemu yangu haijaitika, na kile alichokisikia ni mashine yako ikiita mwenzake. Nami nilikuwa ng'ambo ya ua, chini ya mabati, malori ya mpakani yakipiga honi, sikusikia lolote. Nilipiga magoti nikamweleza yote. Nilimwambia wewe ni mzima, kwamba ile ilikuwa kompyuta inapiga hodi. Alifuta macho kwa leso. Kisha akauliza:

"Na nani aliyeifundisha kupiga hodi bila kusalimu?"

Nilimwomba Jumamosi itakayofuata asiiguse simu. Akakataa. Mama akamwomba, akakataa. "Mtoto wangu aite kutoka nchi ya watu, sauti yake iingie humu ndani, na mimi nikae kama mgeni? Hapana, Roselida binti yangu. Hata kama ni mashine, imetumwa na Levis. Kwanza anisalimu. Akimaliza, hizo kompyuta zenu zitasalimiana zenyewe."

Mwanzoni nilikasirika kidogo, nisamehe. Nilihesabu siku zilizobaki. Lakini usiku kucha sikuacha kufikiri jinsi alivyokaa na hofu ile wiki nzima peke yake, huku mimi nikikagua waya tu. Katika kurasa zako zote nne, na katika majaribio yangu yote, hatukumfikiria yeye. Alikuwa sehemu ya mtambo na hakuna aliyemweleza kazi yake.

Ndiyo sababu ulipata simu ya maandishi ile ya ajabu siku ya Jumatatu: PIGA KWANZA USALIMIE KUKHU. KATA. PIGA TENA BAADA YA DAKIKA TANO. Karani wa posta alisoma akacheka. "Msichana, toa hili neno usalimie, utapunguza malipo." Nilimwambia hilo ndilo neno lenyewe.

Jana saa nne ulipiga, na Kukhu akaitika kwa mlio wa kwanza. Wewe ulisikia upande wako. Mimi niliona uso wake. Uliposema "Mulembe, Mama," alikaa chini polepole kana kwamba ametua mtungi wa maji. Alikuuliza kuhusu jino, kuhusu chakula, kama una blanketi. Mwisho akasema kwa sauti ya mwenyekiti, "Haya, sasa lete hiyo nyingine," akakata.

Kisha akainuka, akavuka ua kwa fimbo, akaja kukaa nami chumba cha nyuma, mbali na simu. Alisema hajiamini. Bwana Odeke alikuwa mlangoni, amekuja kuona kazi ya mikono yake. Kitaa kikameta, ishara kwamba simu inalia sebuleni. Kukhu akashika mkono wangu. Ikalia mara ya pili, naye akaanza kuinuka. Nikamshikilia. Mara ya tatu akafumba macho, akisema kwa sauti ndogo, "Mwanangu anaita, Brendah, anaita." Mara ya nne modemu ikaitika, na ule mlio mkali wa filimbi na mchanga ukajaa chumbani.

"Haya, wamekutana," akasema Odeke.

"Kumbe huyu ndiye mgonjwa wangu," akasema Kukhu.

Mafaili yalipita kwenye skrini moja baada ya jingine. Yalichukua dakika arubaini na tatu, na nadhani sikupumua zaidi ya mara kumi. Faili la mwisho lilikuwa utangulizi wa Babu. Nilimsomea Kukhu jina la Babu kwenye skrini, akaligusa kwa kidole. Kisha ulipiga mara ya tatu kunishukuru, na mengine unayajua.

Asante kwa kunikabidhi kitu kikubwa hivi. Ungeweza kumtafuta fundi Kisumu. Sijui kama wapo wasichana wanaosomea kazi hii, wala sijui wanaisomea wapi, lakini mtihani wa hisabati nimepata themanini na moja, na kurasa zako nne nimeshazihifadhi kwa moyo. Sikuombi chochote. Nilitaka tu ujue.

Mwalimu Amollo akirudi huko mpe salamu. Mama anakusalimu, Mama Apio pia, na Bwana Odeke anasema ghala likifa aitwe mazishini. Kanisa limeambiwa umepona. Mungu akusimamie tarehe thelathini, na siku zote zitakazoifuata.

Jambo moja la mwisho. Leo baada ya ibada Kukhu ameifuta simu kwa kitambaa chenye maji, akasogeza kiti chake karibu zaidi. Ameniuliza zimebaki siku ngapi hadi Jumamosi. Nimemwambia kazi ya mafaili imekwisha, chuo huenda wasikuruhusu tena. Amekiacha kiti palepale.

Mjomba, ukiweza kupata simu yoyote, hata ya barabarani, piga saa nne. Ile ya pili si lazima.

Mpwa wako akupendaye na asiyesahau,
Brendah Nerima