Maelezo Niliyoandika Yalimponza Aliyenifundisha Kazi

Shangazi mpendwa, nisaidie, maana jambo hili nimelibeba miezi mitatu na sasa limenielemea, na kazini nikiona kile kiti cha dirishani cha aliyenifundisha kazi kiko kitupu machozi yananijia.

Mimi naandika programu, ofisi yetu hutengeneza zile zinazotumika kwenye vyumba vya dawa vya zahanati, na aliyenifundisha kazi ni mzee mmoja tuliyemwita Fundi, mtu wa maneno machache, ambaye nilipoanza alikaa nami wiki sita bega kwa bega wala hakuonyesha hata siku moja kwamba namchosha. Yeye ndiye aliyeandika ile sehemu inayokagua dozi za watoto, dozi isipolingana na uzito wa mtoto, onyo jekundu linatokea.

Mwaka huu bosi akaleta msaidizi wa akili mnemba apitie msimbo wetu wote, yaani maandishi ya programu zetu, atuambie kipi kinatumika na kipi ni mzigo, nami nikapewa kumwandikia maelezo ya zana zake, maana msaidizi huyo haoni ndani ya zana, anajua tu kile ulichomwandikia. Moja ilikuwa ya kutafuta ni nani anayetumia sehemu fulani ya programu. Shangazi, zana hiyo ilitafuta kwenye folda kuu peke yake, folda za zahanati haizigusi, na nilijua, lakini ilikuwa Ijumaa mchana, nina haraka, nikaandika: "Hutafuta matumizi yote." Basi. Maneno matatu.

Ripoti ikatoka inasema sehemu ya Fundi haitumiwi na yeyote. Bosi akaisoma mkutanoni mbele yetu sote, akasema, "Kumbe miaka sita tumekaa na kitu kisichotumika?" Fundi hakubisha. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umehakikisha?" Nikasema, "Ndiyo." Sikuwa nimehakikisha.

Mwisho wa mwezi akapewa barua ya kupunguzwa kazi. Wiki iliyofuata tukaiondoa ile sehemu, na kabla ya saa nne asubuhi zahanati nne zilikuwa zimepiga simu, mhudumu mmoja analia, nusura ampe mtoto dozi ya mtu mzima, mama mtu ndiye aliyeshtuka. Nikayafungua maelezo yangu, nikaona. Nikamwambia bosi, akasema, "Irudisheni, na yaishe humu humu." Ikarudishwa kimyakimya. Fundi hakurudishwa.

Jumapili nilikwenda kumwona. Mkewe alinipokea mlangoni, akaninong'oneza, "Hagusi tena kompyuta, mwanangu. Anasema miaka yote hiyo alikuwa anatwanga maji kwenye kinu." Nikaketi naye, nikanywa chai, nikaondoka bila kusema. Nikisema, bosi atanifukuza, na mama yangu mgonjwa ananitegemea mimi. Nifanyeje?

Mwanafunzi wa Fundi

*

Mwanafunzi wa Fundi, pole. Barua yako imeniuma, ila imeniuma zaidi kwa ajili yake, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuandika "yote" mahali pa "baadhi" kwa sababu ya haraka, hilo ni la kibinadamu. Hata "ndiyo" yako ya mkutanoni naweza kuivumilia, ulimi uliteleza mbele ya watu. Lakini ile chai uliyokunywa Jumapili sebuleni kwake huku unajua, mwanangu, pale hukuwa na haraka yoyote. Pale ulichagua.

Wala usimsingizie msaidizi. Ulimwambia zana inatafuta kila mahali, akakuamini. Kesho ukifika kazini yaandike upya maelezo yale: zana inatafuta wapi, haitafuti wapi, na kwamba isipoona kitu haina maana kitu hicho hakipo. Mwenzako mwingine asije akaponzwa na sentensi hiyo hiyo. Kisha mwandikie bosi yaliyotokea, kwa maandishi, na wote waliokuwa mkutanoni wapate nakala, kwa kuwa walishuhudia aibu ya Fundi na ukweli wake wanapaswa kuushuhudia. Huenda ukafukuzwa. Anza sasa kuulizia kazi kwingine, lakini usimfanye mama yako mgonjwa kuwa pazia la kujifichia.

Hayo ni ya kesho. Leo nenda kwa Fundi. Mwombe mkewe akae asikilize. Usianze na machozi, atalazimika kukubembeleza wewe. Anza na zile simu, na yule mhudumu, na yule mtoto. Ndipo useme, "Niliandika vibaya, ukaniuliza, nikasema ndiyo." Halafu nyamaza. Akikuambia utoke, toka.

Huenda asikusamehe, na huenda asirudi kazini kamwe. Hayo ni yake. Lakini kuna mzee anaamka kila asubuhi akiamini hakumfaa mtu yeyote, na wewe unajua ile sehemu yake inalinda watoto kila siku, na mpaka sasa hujamwambia.