Mtahini Kwenye Kiti cha Nyuma

3 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, goti limetulia, na dawa ya macho unatia asubuhi na jioni, siyo pale unapokumbuka. Sisi huku wazima. Baridi imekaza, mkweo ana mafua, na wajukuu wanakusalimia wote kwa pamoja ndiyo maana sisikii ninachoandika.

Nimepata gari, Mama. Tangu uliporudisha leseni yako mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, kila Jumapili unaniambia wimbo ule ule: kwamba umekaa ndani ya magari miaka thelathini na mmoja ukitahini madereva, na hujafika popote zaidi ya uwanja wa mtihani na mtaa wa nyuma ya soko. Unataka kuona vilima, ziwa na maporomoko. Na daktari amesema presha ya macho ikishachukua hairudishi, kwa hiyo ni mwaka huu au basi. Nilikuombea nafasi kwenye basi la wastaafu, ukasema wewe si mzigo wa kufungwa kamba na mizigo mingine. Haya. Wakala wa safari amekupatia gari la peke yako, dereva wake, na mwongoza watalii. Siku sita. Watafika Jumanne saa mbili asubuhi.

Ombi langu ni moja. Kaa nyuma, tazama nje, furahi. Ulishastaafu.

Wako,
Kitindamimba

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, linanitii likitaka. Dawa natia. Mpe pole mkwe wangu, mwambie avute mvuke.

Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwa hiyo umeshajua.

Dereva wako alifika saa mbili na dakika tisa. Kijana wa miwani ya jua, kiwiko dirishani. Nikavumilia. Nilimwomba jambo dogo tu: aondoe gari pale kwenye mwinuko wa mbele ya nyumba bila kurudi nyuma. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nchi ina vilima na ndiko tunakokwenda. Nikaweka kiberiti nyuma ya tairi, kama nilivyowawekea wenzake maelfu. Mwanangu, kile kiberiti kilisagika kikawa unga.

Bado nikavumilia. Nilikaa nyuma, nikatazama nje kama ulivyoniagiza. Nje nikaona tunaupita mstari wa njano kwenye kona, kiwiko kikiwa dirishani, na mkono wa pili ukitafuta muziki. Tulipofika kituo cha mafuta nikamwambia aegeshe, nikatoa fomu, nikamjazia, nikamwomba atie sahihi. Ndiyo, ninazo fomu. Nilistaafu mimi, zenyewe hazikustaafu. Nimerudi kwa basi.

Huyo mwongoza watalii ni mtu mzima mwenye adabu, ila amezoea makundi. Nipo peke yangu kwenye kiti na yeye anatangaza, "Ndugu wageni, geukeni wote kushoto." Nilimuuliza jina la mti, akaanza upya tangu kukaribisha wageni. Nimempa jina la Redio. Amelikubali.

Mamako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo, na pole na safari ya kilomita ishirini.

Wakala amenipigia. Anasema katika kazi yake ameona wageni waliougua, waliopotea, na mmoja aliyeng'atwa na nyani, lakini hajawahi kuona mgeni aliyemfelisha dereva. Yule kijana amegoma kufanya kazi wiki nzima. Mama, alikuwa na leseni!

Nimembembeleza mpaka sauti imekauka. Amepata dereva mwingine, mtu wa makamo, miaka ishirini na miwili barabarani, hajawahi hata kukwaruza bampa. Wenzake wanamwita Taratibu. Redio amesema atarudi, amekupenda, sijui ulimfanyia nini.

Sasa nisikilize vizuri. Fomu zibaki kabatini, na kiberiti kibaki jikoni. Huyu akikushinda, hakuna wakala atakayekuchukua tena, na mimi nitakukatia tiketi uje uishi nasi huku, orofa ya saba, utazame maegesho ya magari kutoka dirishani mpaka macho yachoke. Sitanii.

Kitindamimba wako

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kiasi. Wasalimie wote.

Fomu niliziacha kabatini, na kiberiti jikoni. Nataka hilo lijulikane mapema.

Taratibu alifika saa mbili kasorobo, gari linang'aa, shati limepigwa pasi. Akafungua mlango wa nyuma, akaniona usoni, akaufunga tena polepole kama mtu aliyefungua choo akakuta kina mwenyewe. Kumbe nilimfelisha mara nne. Mimi simkumbuki. Yeye ananikumbuka mpaka rangi ya kalamu.

Nilimwambia, "Baba, mimi siku hizi ni abiria tu." Akajibu, "Ndiyo, mtahini." Tukaondoka. Mwendo wetu, mwanangu, ulikuwa wa kusindikiza maiti. Baiskeli iliyobeba godoro ilitupita, na mwenye godoro akatupungia mkono. Redio alikuwa amemaliza maelezo ya mji mzima, na mji bado uko palepale.

Tukafika njia panda. Akasimama, akatazama kulia, kushoto, kulia tena. Barabara tupu kabisa. Hakuondoka. Magari yakajaa nyuma, honi zikalia, naye ameshika usukani kwa mikono miwili, jasho linamtiririka. Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye mtihani wetu mtahini ndiye husema "endelea." Alikuwa ananisubiri mimi. Na mimi nilikuwa nimeapa nisifungue mdomo! Nilipoufungua hatimaye na kusema "endelea," alishtuka, gari likazima, akashuka, akaenda kuketi kwenye jiwe na kuomba maji.

Gari likaegeshwa pembeni. Redio akampepea kwa ramani. Tukarudi nyumbani.

Si kosa langu safari hii.

Mamako

11 Machi

Mama,

Shikamoo.

Umeandika "gari likaegeshwa pembeni." Taratibu alikuwa kwenye jiwe. Redio hajui kuendesha, wakala ameniambia. Nani aliliegesha?

Usinijibu, najua. Umekaa kwenye usukani, huna leseni, na macho yale. Mama, mimi ulinifelisha nikiwa na miaka kumi na tisa, mbele ya wenzangu wote, kwa sababu eti sikutazama kioo cha kushoto. Wakanicheka mpaka nikawa napita mtaa mwingine kuwakwepa. Sikurudia mtihani. Nina miaka arobaini na sita, nina watoto watatu, na napanda treni na mabegi ya sokoni kichwani kwa sababu kila nikiwaza kushika usukani nakuona wewe na ile kalamu. Sijawahi kukuambia kwa kuwa nilijua ni haki. Sheria ni sheria, ulikuwa ukisema. Kumbe sheria ina watu wake.

Nimefuta safari. Tiketi yako nitaituma mwezi ujao.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wote wa hapo. Mimi nimechelewa kuandika, wala sikuwa mgonjwa. Utaona herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Ndizo ninazoziona.

Niliendesha mimi. Mita hamsini, si zaidi. Honi zilikuwa zinanikera, na usukani ulikuwa mtupu, nikajiambia nani amewahi kuegesha kuliko mimi? Redio akapiga kelele, "Mama, toroli!" Nikakanyaga breki. Kushoto kwangu kulikuwa na mtu mzima anasukuma toroli la matofali, mwanangu, na mimi sikumwona. Wala si kwamba nilimwona vibaya. Hakuwepo kabisa, halafu akawepo, mkono wake uko juu ya boneti yangu. Hakuumia. Aliniita bibi, akaniambia nipumzike. Nilishuka, nikamwomba radhi. Nilipofika nyumbani nilifungua kabati, nikatoa fomu, nikajijazia mwenyewe. Nimefeli papo hapo. Nililia sana.

Sasa lile lako. Nimeanza kuliandika mara sita.

Ulitazama kioo. Nilikuona. Ulitazama cha kushoto na cha kulia na cha kati, uliendesha vizuri kuliko wote siku ile, na mimi nilikuwa najivunia mpaka kalamu inaniteleza. Halafu nikawaona wale wengine wamesimama kwenye uzio wanatazama, na mkuu wangu amesimama nao. Nikawaza watasema nini, mtahini kampitisha mwanawe. Nikaandika kioo. Nilidhani utarudia baada ya mwezi, nikupeleke kwa mtahini mwingine, yaishe. Hukurudia, na kila mwaka uliopita ukawa mzito zaidi wa kusema. Nilikuogopa wewe kidogo, na watu sana. Nisamehe. Ukishindwa, nitaelewa.

Kuhusu safari. Nilikwenda mwenyewe kwa Taratibu kumwomba radhi. Amekubali kunichukua kwa masharti mawili. Nikae nyuma yake kabisa, asinione kwenye kioo. Na mikono yangu yote miwili ishike chupa ya chai, muda wote gari likitembea, ili ajue siandiki. Nimekubali yote. Nipe ruhusa, mwanangu. Orofa ya saba nitakuja, nitatazama hayo maegesho, lakini niache kwanza nione maji yakianguka.

Mamako

9 Mei

Mama,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako ndani ya treni. Nilipitiliza vituo vinne.

Miaka ishirini na saba, Mama! Nilikuwa nasoma huku nacheka lile la chupa ya chai, halafu nikirudi juu nasikia hasira mpaka masikioni, halafu nakumbuka lile toroli na nataka kukukumbatia. Mke wangu, yaani mkweo, ameniambia niandike neno moja tu na mengine yasubiri.

Nenda.

Mwanao

21 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Usishtuke kwa mwandiko. Anayeandika ni Redio, maneno ni yangu mimi, na nimemwonya asiongeze chake.

(Hujambo kaka. Sijaongeza. — Redio)

Tuko nyumba ya wageni, siku ya sita. Taratibu ameendesha. Siku ya kwanza tulikuwa bado tunapitwa na baiskeli, lakini mimi nilikuwa nyuma yake, chupa mkononi, kimya kama mzigo. Kwenye kona za milimani lori likatujia upande wetu. Akapunguza gia, akasogea, akalipisha, bila kupiga breki ya ghafla, bila honi. Safi! Nilifungua mdomo nimsifu, nikafikiri akishtuka tutaishia korongoni, nikaufunga. Nimemsifu jioni, ameketi. Alifikiri namtania.

Vilima sijaviona. Nililala. Redio anasema niliikumbatia chupa nikakoroma saa tatu nzima, na Taratibu akaendesha kama amebeba mayai, hakuna aliyethubutu kuniamsha. Ziwa nimeliona. Ni pana na lina rangi ya sufuria iliyosuguliwa.

Leo tulikwenda maporomoko. Nimeyaona yote vizuri sana. Ni makubwa, meupe, na upande wa kulia kulikuwa na upinde wa mvua. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya macho yangu.

(Kaka, hapa nimeshindwa. Mama alikuwa ametazama upande wa maegesho. Hicho cheupe ni basi la wastaafu. Upinde haukuwepo, mawingu yalikuwa yamefunga. Nilimshika mabega nikamgeuza, akasimama, akasema, "Nayasikia." Hotuba yangu ya maporomoko ina dakika kumi na mbili na sijawahi kuikatiza. Leo niliiacha. Nilimwambia tu ninachokiona: yanaanza membamba pale juu kwenye mawe meusi, yanapanuka, yanapasuka, halafu chini ni moshi. Akauliza yanaishia wapi. Nikamwambia hata mimi sioni mwisho. Akalia kidogo. Akasema, "Tena, niambie tena." Taratibu naye akaja, akaeleza la kwake, akasahau kumwogopa. Tulikaa saa mbili. Sijawahi kuona mgeni aliyefurahi vile.)

Redio, mbona mimi nimenyamaza na kalamu inakwenda? Unaandika nini? Nisomee.

(Nimemsomea yote. Hata la basi.)

Mwanangu, nilitaka kumwambia akate. Karatasi ni yangu, mwana ni wangu. Lakini nimewaza, yule mtu ameandika alichokiona, na mimi siku ile ya kioo chako sikuandika nilichokiona. Iache, Redio. Ibaki hivyo hivyo.

Tiketi itume, nitakuja. Ila Desemba njoo wewe kwanza, turudi pale wote, unieleze kwa mdomo wako jinsi yanavyoanguka. Na wajukuu uje nao, wapige kelele.

Mimi mamako,
niliyeliona basi