Tundu la Baba kwenye Gamba

Grimsby, 4 Mei

Clive mdogo wangu,

Huku wazima, ila mvua haikomi. Nyonga ya Mama imepona, anatembea bustanini kwa mkongojo. Kibanda ulichomjengea kobe wake Winifred, Mama alipokuwa hospitali Februari, amekipenda mno. Kila mgeni lazima akaoneshwe taa ya joto inayojizima yenyewe. Jirani yetu Thirza ameuliza kama kuna chumba cha kupanga.

Ila mimi sina raha. Wewe hujawahi kupigilia hata rafu ukutani ikakaa. Leo unamjengea kobe nyumba ya joto kwa wiki mbili? Haraka ya nini?

Jana nikamchunguza Winifred. Unakumbuka tundu alilotoboa Baba kwa keke ukingoni mwa gamba, ili tumfunge kamba asitoroke? Halipo, Clive. Ulimsahau nje kwenye barafu, siyo? Na huyu umemtoa wapi?

Nikaenda moja kwa moja kukushtaki kwa Mama. Nikamkuta amempakata kobe, kidole gumba kinapita ukingoni mwa gamba, kinarudi, kinapita tena.

“Mama,” nikaanza, “huyu kobe...”

“Mwache Clive,” akanikatiza, bila kunitazama. “Kahangaika sana. Na huyu mgeni anapenda joto.”

Kwa hiyo sikugombezi. Mama anataka kupanda maua, na anauliza jambo moja tu: Winifred umemzika wapi?

Dada yako,
Hilary