Nyuzi Mbili za Pumzi

Kituo cha hali ya hewa,
Ijumaa mchana.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuulizia goti kabla ya yote, maana najua ukiachiwa utasema halina neno huku unashuka ngazi upandeupande. Shemeji naye hajambo? Huku wifi yako ni mzima, watoto wazima. Mimi naumwa uchovu tu, kama huo nao una dawa.

Nimechoka, dada. Miezi saba naamka saa kumi na moja, nakimbia, naoga, naingia kazini, nasinzia mezani. Kucha mbili za mguu zimeng'oka. Wifi yako anasema akiolewa tena ataolewa na mtu anayekaa kitako. Yote hayo niliyabeba kwa sababu marathoni ilikuwa na tarehe, Jumapili hii, na mtu akijua tarehe anajikaza. Kisha likaja hili joto. Bati la ofisi linalia tangu saa tatu, feni inazungusha hewa ileile ya moto, na kila mtu ananiuliza mbio zitakuwepo au hazitakuwepo, utadhani jua nalifuga mimi.

Kidogo wana haki. Kazi yangu unaijua: kila siku saa kumi na mbili asubuhi naenda uani, nafungua kile kisanduku cheupe cha miguu minne, nasoma kipimajoto, naandika daftarini. Safari hii kamati ya mbio imetutegemea sisi. Katibu wao alikuja Jumatatu akaeleza kwamba joto la saa hiyo likizidi nyuzi ishirini na saba, iwe Ijumaa au Jumamosi, marathoni inafutwa. Haiahirishwi, inafutwa. Hakujua kwamba msomaji wa kipimajoto naye amejiandikisha kukimbia, wala mimi sikumwambia.

Leo asubuhi nimeandika ishirini na nane.

Katibu alipopiga simu nikamsomea, akasema basi, imekwisha. Watu wa ofisini wakanipa pole mmoja mmoja kama mfiwa. Hata mama wa chai, aliyekuwa akinitania kwamba nitafika mwisho watu wamekwisha kukunja bendera na kwenda kwao, leo aliniwekea kikombe akaniongezea sukari. Nikapokea pole zote kwa kichwa kilichoinama. Moyoni nilikuwa nimefurahi, dada.

Maana hiyo ishirini na nane si ya jua. Ni yangu. Nilipofungua kisanduku, zebaki ilikuwa imesimama kwenye ishirini na sita. Nikaitazama. Nikawaza kesho tena nikae roho juu, kesho kutwa kilomita arobaini na mbili, na kifua hiki unachokijua wewe. Nikasogeza mdomo nikaipumulia, mara tatu, polepole, kama mtu anayesafisha miwani. Ikapanda. Nikaandika.

Daktari alishaniambia pumu ya utotoni imekwisha. Mimi ndiye sijamwamini. Mlinipa jina la Nusu Pumzi, na mpaka leo nikiitwa hivyo naitika. Ndiyo sababu barua iliyopita nilikukataza usije, nikasingizia joto na goti lako. Niliogopa unikute nimekaa kando ya barabara nahema. Nina miaka arobaini na moja, na bado nikikosa hewa naisikia ile shuka uliyonifungia mgongoni mwako, na miguu yako ikikimbilia zahanati. Ulikuwa na miaka kumi na miwili tu. Hakuna aliyekupa medali.

Saa nne nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa mkuu wa kituo nikamwambia yote. Alivua miwani, akasema amewahi kuona makarani waliolala wakabuni namba, lakini hajapata kuona aliyekitia kipimajoto homa. Hakucheka. Akaniamuru nipige mstari mmoja, niandike ishirini na sita, nitie saini pembeni, kisha nimpigie katibu mwenyewe. Katibu alinitukana, akanishukuru, akanitukana tena. Barua ya onyo nitaipata Jumatatu.

Kwa hiyo tumerudi kulekule kwenye kutojua, na kutojua kumenichosha kuliko kukimbia. Redio inasema joto litazidi. Huenda kesho jua lenyewe likaandika ishirini na nane, nami sitakuwa na la kusema. Mkuu atasimama nami pale kisandukuni, na mimi nitasoma nimebana pumzi.

Barua hii nampa dereva wa basi la saa kumi, uipate leo leo. Msalimie shemeji, na jirani yako fundi cherehani mwambie kaptura imenitosha. Kesho nitakupigia simu kukwambia namba, iwe ipi. Mbio zikiwepo, njoo. Utafute kivuli pale mwisho, ukae, unisubiri hata nikichelewa.

Ile shuka iache nyumbani.

Mdogo wako,
Nusu Pumzi