Mpira Uliovutwa na Wanaume Saba

Mjukuu na mume wangu Hamisi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kaole tu wazima. Shangazi yako kajifungua salama, na mtoto ana sauti ya muadhini.

Umeniuliza wenzako huko Mbeya watachoka lini kulicheka boya lako la kukalia, hilo unalolikunja mkobani ukavue samaki kwenye maziwa ya milimani. Hata mimi nilichekwa, baba.

Mwaka ule babu yako alipougua akawa wa kitandani, mengine tuyaache, niliomba mtumbwi nikanyimwa. Nikatafuta mpira wa ndani wa tairi la lori, nikausukia kamba katikati nipate pa kukaa. Nikaubeba begani bila upepo hadi dimbwi la nyuma ya mikoko, ambako mtumbwi haupiti kwa tope. Huko nikaujaza kwa pampu ya baiskeli. Wanaume walioniona nikipita walicheka mpaka wakakaa chini.

Maji yalipojaa nilirudi ufukweni nikielea, nakokota kapu la chewa. Unaijua desturi yetu: anayesaidia kuvuta chombo nchi kavu hupewa kitoweo. Basi wanaume saba wakaja mbio, kila mmoja akashika mpira wangu. "Haya jamani, kwa pamoja!" Mpira mwepesi kuliko ndoo, nao wanatweta kama wanavuta jahazi!

Niliwagawia wote. Chewa mkubwa kupita wote nilimpa yule mmoja wao aliyeninyima mtumbwi, nikamwambia, "Pole kwa kazi nzito."

Bibi yako,
Mwanahawa