Madebe Ishirini Yasiyokuja

Sibwesa,
Jumapili jioni.

Kwa dada yangu Zakia,

Assalaam alaikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Ilembo, na kile kifua cha shemeji Dulla kiwe kimepoa tangu mvua zipungue. Nisalimie watoto, hasa Ummy, mwambie mjomba hajasahau karanga zake. Sisi huku mwili una afya. Mahindi yamestawi, ngedere wanatusumbua mashambani, na majirani bado wanakuulizia tangu ulipoondoka msibani.

Kinu cha mama ulichoniomba nimekipakia kwenye lori la mahindi, na barua hii nimempa dereva mkononi. Nakuomba sana usikioshe kabla hujamaliza kusoma. Utasema si ningepiga simu tu. Nimepiga mara tatu, dada, na kila ukipokea naishia kuulizia watoto.

Unakumbuka nilivyoileta mashine ya kusaga hapa, ikawa ya peke yake. Bei nilijipangia mwenyewe, elfu moja na mia tano kwa debe, na hakuna aliyenung'unika mbele yangu kwa sababu mashine nyingine ilikuwa mwendo wa nusu siku. Halafu akaja Severini, yule Mfipa mpole uliyemwona akichimba kaburi, akafunga ya kwake karibu na gulio. Yeye akasaga kwa elfu moja na mia tatu. Mimi nikashuka elfu moja na mia mbili. Tukashushana hivyo hivyo mpaka mia nane, na hapo tukakwama wote, maana dizeli, mkanda na fundi vilikuwa vinakula mia sita kwenye kila debe. Nikipandisha hata mia moja, foleni yote inahamia kwake. Akipandisha yeye, inahamia kwangu. Tukawa tunafungua alfajiri na kufunga magharibi, unga mpaka kwenye kope, na mfukoni hamna cha maana. Lakini watu walisaga, dada. Kwa siku moja sisi wawili tulifikisha madebe hamsini. Hata mwenye kibaba cha uji wa mtoto alikuja na kibaba chake.

Mimi nilikwambia mashine ya Severini iliharibika. Haikuharibika. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamwambia nitamlipa kila mwezi akae tu, mashine apige kufuli na ufunguo nikae nao mimi. Mke wake alikuwa anaumwa, akakubali bila kunitazama.

Nikapandisha bei mpaka elfu mbili. Madebe yakashuka hadi thelathini, lakini faida ikapanda kuliko nilivyowahi kuiona, na dizeli ikapungua. Nikasema ngoja nijaribu elfu mbili na mia tano. Madebe yakawa kumi na manane, faida ikarudi chini, nikajirudisha elfu mbili fasta. Nikajiona mjanja kweli kweli. Mwisho nikaanza kufungua siku nne tu kwa wiki, wenye shida wakusanyike, na siku nyingine napumzika. Yale madebe ishirini yaliyopotea sikujiuliza yalikwenda wapi. Kwangu mimi yalikuwa hasara niliyoiepuka.

Yalikwenda kwa mama. Unajua kinu chake kile cha mninga, hakuna kingine cha namna ile hapa. Walioshindwa elfu mbili wakaanza kuja uani kwake kutwanga, mmoja mmoja, kisha kwa zamu. Mimi nikirudi mchana nasikia mchi, nadhani anatwanga kisamvu. Nilipogundua niliona aibu, nikagomba. Nikamwambia mama wa mtu mwenye mashine hawezi kugeuza uani kwake kuwa mahali pa kutwangia, watu watanicheka. Nikampelekea unga wangu gunia zima. Akawagawia wote, siku hiyo hiyo. Nilipogomba tena aliniambia neno ambalo mpaka leo naenda nalo.

"Tamimu, wewe unahesabu waliokuja. Mimi nawaona ambao hawakuja."

Nikarudi zangu mashineni. Tukakaa wiki mbili tunasalimiana tu.

Sasa dada, kaa chini kama umesimama. Nilikwambia mama alilala akiwa na presha na hakuamka. Nilikudanganya. Ilikuwa Jumanne, siku niliyokuwa nimefunga mashine kwa hiari yangu, dizeli imejaa kwenye pipa. Pudensiana, yule mwenye kichanga cha wiki tatu, alikuta kwangu pamefungwa, akaja kwa mama na mahindi yake yaliyolowekwa. Mama akamwambia mwili wake haujapona, akae anyonyeshe. Akamnyang'anya mchi, akatwanga yeye. Miaka sabini na mmoja, dada, na jua lile. Mimi nilikuwa nimelala ndani ya banda la mashine, hatua mia mbili, nasikia mchi unavyopiga. Nikasikia umenyamaza. Nikashukuru kelele zimekwisha, nikageukia upande wa pili.

Walipokuja kuniita alikuwa bado anahema. Nilimpakia kwenye pikipiki, Pudensiana akamshika nyuma, na kabla hatujafika zahanati alikuwa amekwenda. Nikamwomba Pudensiana asiseme. Ndiyo maana uliposimama mbele ya wanawake wote na kusema mdogo wako amemtunza mama na Mungu amlipe, yeye aliinamisha kichwa. Uani hapo hapakuwa na mwanamke asiyejua, isipokuwa wewe.

Ufunguo nimemrudishia Severini wiki iliyopita. Hakunishukuru, na sikustahili. Jana tulisaga wote wawili kwa mia nane. Nilikaa mlangoni nikahesabu yangu, jioni nikamtuma mtu kwake akaulize ya kwake. Yalifika hamsini na moja. Nikalia mbele za wateja, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Arobaini mniite au msiniite, nitakubali. Ukitaka uwaambie watu, waambie, sitakanusha. Sikuombi unisamehe kwa sasa, kwa sababu najua bado hujalia kwa jambo hili, uliyemlilia ni yule mama aliyefia usingizini.

Msalimie shemeji, na nyie wote hapo nyumbani mbaki salama.

Kinu ukikifungua utakuta chini kuna chenga za mahindi zimekauka. Ni za siku ile, za Pudensiana. Nilijaribu kuzitoa nikashindwa. Zingekuja kwangu mashineni kama ningekuwa nimefungua.

Mimi mdogo wako,
Tamimu.