Nilipakia Mtumbwi Kama Baiskeli

Jumatano. Mawingu mazito tangu asubuhi, mvua inatishia tu, hainyeshi.

Hakuna kijana Karagwe na Kyerwa yote, ukijumlisha na vijiji ambavyo hata ramani imevisahau, anayeweza kuendesha kitu kunizidi mimi. Baiskeli yenye mikungu minane ya ndizi nashuka nayo mlima wa Ihanda bila breki, huku naimba. Mtumbwi nilijifunza siku nne. Wengine wamezaliwa ziwani na bado wanazunguka palepale kama bata mwenye bawa moja. Mimi siku nne! Samaki wenyewe walikuwa wanatoa vichwa kuniangalia.

Basi, hayo ndiyo niliyokuwa nawaambia watu mpaka Jumapili asubuhi.

Leo nimeyaandika nikayasoma. Hayachekeshi.

Dada yetu mkubwa, Koku, ameolewa ng'ambo ya ziwa Rwakajunju, na amejifungua mtoto wa kiume. Kwetu huendi kumwona mzazi unapunga mikono kama mkaguzi. Mama aliandaa mikungu sita ya ndizi, maharage, dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa ajili ya wakwe, na kuku mmoja. Kuzunguka kwa barabara ni mbali, na mzigo ule bodaboda mmoja hauwezi. Nikamwambia mama asihangaike, mimi nipo.

"Umezoea kweli wewe?" akaniuliza.

"Mama, watu wote siku hizi nawavusha mimi."

Nilikuwa nimevuka mara nne. Mara tatu kati ya hizo mzee Byabato, mwenye mtumbwi, alikaa nyuma yangu na kasia lake, ananyoosha kila nilipopinda.

Hilo sikulisema.

Aliyeniamini kuliko wote ni mdogo wangu Kemi, ana miaka tisa. Shuleni alishatangaza kwamba kaka yake ni nahodha. Neno lenyewe nilimfundisha mimi. Safari hii yeye ndiye alipewa kuku ambebe, akamfunga miguu kwa kamba ya mgomba, akamkumbatia kama mtoto.

Ziwa lile wenye akili wanavuka umande haujakauka, kwa sababu jua likipanda upepo unateremka kutoka milimani. Sisi tulichelewa, na aliyechelewesha ni mimi. Nilikuwa nafunga mzigo. Nafunga kwa sifa, kama ninavyofunga kwenye baiskeli: mikungu yote nyuma, mmoja juu ya mwingine, kamba imekaza mpaka inalia. Mzee Byabato akaja akasimama, akaangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiki ni nini umefanya?"

"Mzigo, mzee."

"Mzigo unalala chini, katikati. Wewe umeupandisha nyuma kama unaenda mnadani."

"Mzee, mimi nabeba ndizi tangu nilipoacha shule."

"Ndizi umebeba. Maji hujabeba. Fungua, panga upya."

Mama alicheka. Kemi pia. Mimi nikasema sawa mzee, nikaishika kamba. Alipogeuka kwenda kwenye nyavu zake nikaiachia, nikasukuma mtumbwi, tukaondoka.

Robo ya kwanza ya safari nilipiga kasia kwa madaha. Nilimwambia Kemi aniangalie mikono.

Halafu maji yakabadilika rangi. Upepo ulitupiga ubavuni, mawimbi yakaja mafupi mafupi, ya karibu karibu, hayakupi nafasi hata ya kuvuta pumzi. Nyuma kulikuwa kuzito, mbele kumenyanyuka juu, na maji yakaanza kuingia kwa nyuma, kwenye miguu yangu. Mama akaanza kusali kwa Kinyambo. Mama yangu akisali Kiswahili ni kanisani. Akisali Kinyambo ujue kuna jambo.

Sasa, baiskeli ya ndizi ikianza kulala, unafanya mambo mawili. Unaikata usukani kuelekea inakolala, na wewe mwenyewe unasimama unaegemea upande wa pili. Mwili wangu unayajua hayo kuliko kichwa changu. Mtumbwi ulipolala kulia nikaukata kulia, nikasimama, nikaegemea kushoto.

Ukakaa ubavu mzima kwenye wimbi.

Ile mikungu ikayumba juu ya kamba zangu nzuri, na Kemi akatoka. Hivyo tu. Alikuwa amekaa, kisha hayupo.

Mama alilala kifudifudi kwenye maji yaliyojaa mtumbwini, akamkamata gauni mgongoni, akamvuta ndani kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Kisha akanipigia kelele nikae chini, akachukua kisu cha ndizi, akakata kamba, akaanza kutupa mikungu ziwani. Yote sita, na maharage pia. Mtumbwi ukanyooka. Mimi nikapiga kasia tu, hata sikujua naelekea wapi. Upepo ndio ulitufikisha, ukatutupa kwenye matete mbali na gati, tukatembea kwenye tope mpaka kiunoni.

Kwa wakwe tulifika na dumu la rubisi na tope. Walitupokea vizuri. Hilo ndilo linaniuma, walitupokea vizuri mno. Koku alimfunga Kemi kitenge, akampa uji. Mama akaniita pembeni.

"Hukumwona mwenzio anaanguka?"

"Sikumwona, mama. Maji yaliniingia machoni."

Akanishika bega. "Pole mwanangu. Hata mimi nilikuwa sioni."

Kemi alikuwa anatuangalia juu ya kikombe chake. 

Jumatatu alfajiri nilirudisha mtumbwi peke yangu, maji yametulia kama kwenye sufuria. Mama na Kemi watarudi Jumamosi kwa barabara. Mama alisema ni kwa sababu Kemi ana mafua. Mzee Byabato hakunigombeza. Alihesabu makasia yake, akaingia ndani. Vijana wa kijiweni wao wananiita nahodha, eti nimeokoa familia. Nimewaacha waite.

Jumamosi nitakwenda kuwapokea stendi. Sijui nitamwangalia Kemi kwa uso gani. Mpaka sasa hajanisemea, na mtoto yule husema kila kitu.

Nimelaumu upepo, mzigo, kamba na mzee wa watu. Nimeandika kurasa nzima nikizungukazunguka.

Nilimwona. Kabla hajazama alimwachia kuku ili anipe mkono, na mkono wenyewe ulifika karibu kabisa na goti langu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa na kasia. Wa kushoto haukuwa na kitu. Nikashikia ukingo wa mtumbwi, nisianguke mimi.